Thermos ya Milka

Nelima, wacha kazi usome hii! Shangazi Milka ametoboa leo mambo ya 1989, siku watu wa Katito walikuja kumposa Dorca, mdogo wake.

Asubuhi hiyo Milka amechemsha akeyo, zile mboga chungu. Kliniki walimwambia nguvu ya mboga hubaki kwenye maji, kwa hivyo hakumwaga. Akayatia kwenye thermos.

Si Dorca akawabebea wageni thermos hiyo akidhani ni chai!

Milka anachungulia kutoka jikoni: baba mkwe anameza, macho yamemtoka. Wakaongeza sukari, wapi! Na mkwe hakatai alichoandaliwa. HAKATAI, Nelima! Wakamaliza yote.

Milka akajua posa imekufa.

Mzee akapangusa jasho, akasema, "Msichana tumempenda. Chai atafundishwa kwetu."