Waridi la Mama Limehama

Chumba cha juu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 6 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje, miguu ndani ya beseni la maji, maana joto la huku limeanza mapema. U hali gani? Kifua kimetulia? Mara ya mwisho ulisema kikohozi kinakuamsha kabla ya jogoo. Na shemeji, mgongo wake je? Amekubali sasa kuwaachia wengine kazi ya kunyanyua magunia, au bado anajiona kijana? Mimi ni mzima, ila viganja vyangu vina makovu ya malengelenge kama mtu aliyelimishwa na baba mkwe. Sababu yake ndiyo barua hii.

Kama una kitu jikoni, kipunguzie moto kwanza, kisha ukae.

Nilikwenda kwa kaka likizo ya mwezi wa saba. Najua tuliapa. Miaka miwili sikuwa nimekanyaga ile nyumba. Lakini kaka aliniandikia mwenyewe, kwa ule mwandiko wake mdogo wa fundi saa, akasema njoo japo siku nne. Nikaomba gari la mikate kwa bosi, nikamwambia nakwenda kuwaona ndugu. Sikumdanganya. Ila moyoni nilikuwa na jambo ambalo bado sikuwa nimelipa jina.

Unayajua yaliyopita, lakini nitayarudia kwa sababu nataka yaandikwe mahali. Mama alipolazwa, ulikuwa ukipiga simu kila jioni na wifi, aliyekaa naye wodini, ndiye aliyepokea. Anaendelea vizuri, daktari anasema wiki hii anatoka, usijisumbue na safari. Mimi nami aliniambia hayo hayo, neno kwa neno, kama kaseti. Hakutaka tumjazie nyumba. Mama akafa Alhamisi akiuliza mabinti zake wako wapi. Aliyeniambia ni muuguzi wa zamu, si ndugu. Mimi niliwahi maziko, wewe ukafika siku tatu baadaye na sanduku mkononi. Na nilipoomba mche mmoja wa bustani ya mama, wifi alisimama langoni akaniambia, "Hapa huna chako, hata jani." Kaka alikuwa nyuma yake, ameinamia saa ya mteja.

Basi mwaka huu nilikuta bustani imechanua kuliko enzi za mama. Siwezi kumnyima wifi haki yake, alimwagilia. Waridi jeupe lilikuwa limefunika ukuta wote wa jikoni. Asumini ya chini ya dirisha la mama, yungiyungi kando ya bomba, na ule mnanaa uliokuwa ukitorokea kwa jirani kila mwaka, vyote vipo. Wifi alinipokea kwa tabasamu la kupigia picha. Kumbe amejiunga na chama cha wapenda bustani, na Jumanne waamuzi wangekuja kuchagua bustani bora ya mwaka. Jumamosi akawaalika wenzake kunywa chai na kutazama.

Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu, mama mnene, miwani yake inaning'inia kwa kamba. Aliligusa waridi, akauliza limetoka wapi. Wifi akamjibu bila kupepesa macho, "Nililianza mwenyewe, kwa kijiti kimoja tu. Watu walinicheka."

Nami nipo hapo hapo, nimeshika sinia la vikombe. Mdogo wangu, damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwona mama akikikata kile kijiti kwenye ua wa hospitali alikokuwa akifua mashuka, akakifunga kwa kitambaa kibichi, sisi wawili tumeshikilia sketi yake. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliweka sinia mezani taratibu, nikasema kwa ile sauti ninayowapa wateja wanaolalamikia mikate iliyoungua, "Wifi, huwezi kunipa mche mmoja nikapande kwangu?"

Wanawake sita wakamgeukia. Wifi akacheka, akaniwekea mkono begani. "Mche mmoja? Kwani wewe mgeni hapa? Chukua chochote unachotaka. Bustani hii ni yako pia."

"Huo ndio moyo wa mkulima," akasema mwalimu mstaafu. Wakampigia makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu kuliko wote.

Jumapili kulipopambazuka nilikuwa uani na jembe. Nilianza na asumini. Niliikata matawi, nikachimba, nikaviringisha mizizi kwenye gunia lililoloweshwa, nikailaza kwenye treya ya mikate. Kisha yungiyungi, kitunguu kwa kitunguu. Kila kitu alichopanda wifi nilikiacha, sikugusa hata ua lake moja. Nilitaka ionekane wazi kipi cha nani. Nilipofika kwenye waridi, mlango wa jikoni ukafunguka.

"Unafanya nini?" Wifi alikuwa na kitenge cha kulalia, kichwa wazi.

"Nachukua ninachotaka."

"Nilisema mche."

"Mimi ndiye niliyesema mche. Wewe ulisema chochote, mbele ya watu sita. Tumpigie mwalimu simu tumuulize?"

Akarudi ndani akimwita kaka, njoo umwone dada yako, njoo umzuie huyu mwendawazimu. Kaka akatoka na fulana ya kulalia. Akatazama mashimo. Akanitazama mimi. Moyo wangu ulikuwa umejiandaa kumwambia maneno ambayo hayafutiki. Akaingia stoo, akatoka na koleo, akapiga magoti kando yangu.

"Mzizi wa hili umekwenda chini sana," akasema. "Ukiuvuta utakatika. Tuanze kwa mbali."

Tulichimba saa mbili nzima. Wifi alisimama mlangoni mpaka jua likampata usoni, na hakuna aliyemwambia aingie ndani. Sijamsamehe kaka kwa kunyamaza kwake. Lakini huyu aliyechafua magoti siku ile, huyo nimempa nusu ya msamaha. Nusu nyingine ni yako kutoa.

Niliondoka na treya kumi na nane, mlango wa nyuma nimeufunga kwa kamba. Jumatatu bosi aliniuliza kwa nini mikate inanukia asumini. Nikamwambia ni unga mpya. Wateja wawili waliuulizia.

Habari za Jumanne nilizipata kwa jirani wa kaka. Waamuzi walikuta ukuta mtupu na mashimo. Wifi akawaambia bustani imevamiwa na wadudu. Mwalimu mstaafu akavaa miwani yake, akainama kutazama, akauliza, "Wadudu wenye jembe?" Jirani anasema hakukaribishwa mtu chai siku hiyo. Nilicheka peke yangu kwenye gari mpaka nikakosea njia ya kuelekea duka la pili.

Sitakuficha, furaha ile ilinitokea puani kidogo. Waridi halihamishwi likiwa limechanua, nalijua hilo, na hasira ndiyo iliyonisahaulisha. Mayungiyungi yalioza yote. Waridi likapukutisha majani, likabaki fimbo. Wiki tatu nilikuwa nikilimwagilia huku najiuliza kama nimemzika mama mara ya pili. Kaka akaanza kuja Jumamosi. Anapanda basi la kwanza, analiwekea waridi kivuli cha gunia, anakaa kwenye kigoda na kikombe chake, hasemi mengi. Siku moja aliniita kwa kidole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kwenye fimbo kulikuwa na chipukizi jekundu, halizidi punje ya mchele. Tulilia, mdogo wangu, watu wazima na meno yetu.

Sasa sikia la Alhamisi iliyopita. Wifi alikuja. Amekonda. Nilimweka barazani, penye mimea yote mbele ya macho yake, nikampa chai. Akanywa nusu. Akasema kaka anakula peke yake, anarudi usiku, hamsemeshi. Kisha akasema, "Nipe kijiti kimoja tu cha waridi. Labda akikiona pale atakaa nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini nimpe. Akasogeza kikombe kando. Akasema, "Wewe nilikukosea. Mdogo wako nilimkosea zaidi. Kila alipopiga simu mama alikuwa macho."

Mama alikuwa macho, Kitindamimba. Hilo sikulijua. Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili ili nisiinuke. Nilimwambia kwamba kwa hilo si mimi wa kuombwa, nitamwandikia mwenyewe. Akaomba anwani yako. Sikumpa. Nikamsindikiza mpaka kituoni, akapanda basi mikono mitupu.

Kwa hiyo uamuzi ni wako. Ukisema apewe, nitakata tawi zuri, nilifunge mwenyewe. Ukisema asipewe, mkasi utabaki kwenye droo na sitakuuliza sababu.

Msalimie shemeji, na wanao mmoja mmoja, hasa yule wa kati anayefanana na mama. Kaka anakusalimu, hathubutu kuandika. Mungu akupe usingizi usiokatika, na akutunzie kifua.

Niseme nini zaidi, karatasi imekwisha. Ila usijibu kwa simu. Andika barua, uibandike stempu ya bei nafuu, ile inayochukua wiki sita. Acha angoje.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupunguza,
Dereva wa Mikate