Bastola Juu ya Kabati

Mama watoto,

Mimi mzima, mgongo tu ndio unalia. Mvua imesimamisha zege, nimepata nafasi ya kuandika.

Barua yako imenichosha kuliko kazi. Eti sanduku la bastola linakataa kidole chako mara tatu ndipo lifunguke, ukachoka nalo, ukaiweka bastola juu ya kabati! Jamani, mke wangu! Huyo kitinda mimba wetu anapanda kabati kama ngazi. Umesahau alivyomlenga jirani kifuani kwa bastola hiyo hiyo akisema "pa!", nawe ukacheka mpaka ulipoona ina risasi?

Sanduku halijaharibika. Sabuni ya kufulia nguo za watu imekula mistari ya vidole vyako, kama saruji ilivyokula yangu. Hapa mashine ya mahudhurio ilinikataa wiki nzima. Msimamizi akanicheka: "Mzee, wewe huna vidole, una kokoto!" Tukasajili kidole cha mwisho, kile kidogo kisichosuguliwa sana na kazi, kikakubali. Nawe sajili hicho leo hii.

Nacho kikikataa, mwite baba yangu aikabidhi bastola polisi. Wezi wachukue hata mlango. Mimi nataka nikirudi niwakute watoto wote watatu.

Mumeo, mwenye hasira na hamu yako.