Jedwali la Ng'ombe Wasiohesabiwa

Mpendwa Senge, shangazi yangu,

Leo asubuhi ng'ombe wetu Malkia amezaa, na kompyuta yako haiendi Roret. Nimekuambia mwisho kwanza ili usisome ukiwa na wasiwasi huko kwenye baridi. Sasa nitaanza vizuri, kama mwalimu wangu wa Kiswahili anavyotaka.

Unakumbuka likizo ile kabla hujasafiri ng'ambo? Ulikuwa umemaliza masomo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Kabianga. Ulikuja na kompyuta ukaiweka juu ya meza ya Kogo, nyanya yangu, pale alipopanga vibuyu vyake vya mursik, maziwa ya kuganda. Ukasema tutamwandikia mama yako programu ya ng'ombe: jina, rangi, na mwezi wa kuzaa, ili tusipoteze tena ndama kama yule wa Cheptui, aliyezaliwa kwenye matope bila mtu kujua kwamba siku zimefika. Nilivuta kigoda nikakaa kando yako. Mvua ilipiga mabati mpaka tukawa tunapaza sauti.

Ulinifundisha kwamba jedwali la kwenye skrini halina kitu chake lenyewe. Linauliza tu. "Kwanza litakuuliza iko mistari mingapi," ulisema. "Halafu litauliza: mstari huu, safu hii, niandike nini? Wewe ndiwe unayelijibu." Bahati mbaya Kogo alikuwa akipita na chai.

"Linauliza nini?"

"Ng'ombe wako wangapi, Mama."

Kogo aliweka birika chini. "Ng'ombe hawahesabiwi! Hata baba yako hakuwahi kuuliza. Hiyo mashine inataka wafe?"

Ulicheka ukashika mbavu, lakini ulimtii. Tuliondoa namba pembeni mwa mistari, tukaondoa na jumla. Hata hivyo Kogo hakuisogelea tena. Aliifunika na kitambaa chake cha kanisani, kama mgonjwa.

Wiki hii Baba alisema binamu Kiprono atakuja Jumamosi kuichukua, aipeleke dukani kwake Roret. "Hapa inakula stima tu," alisema. "Labda Kogo mwenyewe aseme anaitaka. Meza ni yake." Senge, sikutaka iende. Kila nikiiwasha huwa nasikia unavyonielekeza, na mimi pia nataka kusoma mambo haya Kabianga siku moja. Nilikuwa na jibu moja tu: nikamwonyesha Baba mstari wa Malkia. Mwezi wake wa kuzaa ulikuwa huu. Akaenda kutandika nyasi kavu zizini.

Basi leo, Jumamosi, Malkia akazaa salama, Baba akiwa hapo hapo. Kiprono alifika na pikipiki tukiwa bado tunashangilia. Kogo aliingia nyumbani na gambuti zake zenye matope, akaondoa kile kitambaa.

"Haya, lakwet, mjukuu wangu," aliniambia. "Mwandike huyo mtoto tuone."

Niliandika jina alilolitaja, nikabonyeza "Ongeza". Skrini haikubadilika. Nikabonyeza tena.

"Ai, ndama amepotea kwa waya!" Kiprono akasema, akianza kukunjua kamba ya kufungia kompyuta.

Hapo nikakumbuka maneno yako: "Jedwali halirudi kuuliza mpaka uliambie kuna habari." Ndama alikuwa ameingia kwenye orodha, ni jedwali ambalo halikuambiwa. Nikafungua msimbo wa programu, nikaongeza mstari mmoja wa kuliambia kila tunapoongeza au kufuta, nikaiwasha upya. Wale wa kwanza hawakuwa wamehifadhiwa, kwa hivyo niliandika na kubonyeza mara mbili tena, makusudi, ili nione.

Ndama wakatokea wawili.

"Mapacha!" Kogo akapiga makofi. "Huyo mwingine yuko wapi?"

Tulicheka wote. Nikamfuta mmoja, na mara hii akatoweka papo hapo. Kogo aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hii inajua wako wangapi?"

"Inajua, Kogo. Isipojua haiwezi kuwaandika."

"Na mbona haisemi?"

"Senge aliikataza."

Kogo akainuka. "Basi ina adabu kuliko Kiprono. Ikae."

Kiprono alirudi Roret na kibuyu cha mursik mgongoni mahali pa kompyuta, na hakulalamika.

Senge, nadhani na wewe huko una picha yetu ya siku ulipoondoka, na haiwezi kubadilika mpaka mtu akuambie. Kwa hivyo nakuambia: nimepita ile alama ya urefu wako mlangoni. Vibuyu vimehamia dirishani. Cheptui amezeeka lakini bado anapiga teke. Na ndama, mwekundu, miguu mirefu, asiyeogopa baridi, Kogo amempa jina lako. Sitakuandikia wako wangapi sasa. Kogo amekaa hapa kando yangu, kwenye kigoda, na anauliza utakuja lini ili aniamuru niandike mwezi wako kwenye jedwali.

Kaa vizuri, uvae soksi mbili.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako