Ubishi Ambao Baba Hakuumaliza

Kaka yangu mpendwa,

Sisi ni wazima, na paa limeshazibwa. Fundi saa, rafiki wa marehemu baba, aliendelea kuja kila Ijumaa kuendeleza ubishi wao: riwaya ipi ya Kimarekani inazipita zote. Alikuwa akikikabili kiti cha baba, akiitetea ile yake ya vita, kisha akinyamaza kama anayesikiliza. Mwanzoni tulimcheka.

Ijumaa moja mwezi uliopita alipiga meza. "Acha ukaidi, bwana! Hiyo yako ya familia ni porojo tupu!"

Mama, aliyekuwa akikunja nguo, akajibu, "Porojo hizohizo ndizo zilizokuliza."

Kaka, ilikuwa sauti ya baba, na kikohozi chake kabisa. Na mama hajawahi kuzisoma riwaya hizo. Fundi akainuka. "Haya, umeshinda," akasema, akaondoka bila kofia yake.

Nilipomuuliza mama, alishangaa. Anasema hakufungua mdomo.

Sasa fundi haji tena, na mama ndiye anayekalia kile kiti. Jana aliniuliza mimi naipenda riwaya ipi. Akaniita "Kasuku," jina ambalo baba aliniita tukiwa wawili tu.

Badala ya kumjibu, nakuandikia wewe. Tafadhali, njoo.

Dada yako