Nailoni Juu ya Sufuria ya Wali

KIKAO CHA 7 (CHA DHARURA) CHA UMOJA WA WAPISHI WA SHEREHE
Jumamosi, saa 4:00 asubuhi, jikoni nyuma ya ukumbi

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mpishi Mkuu (Mama Mvuke), wapishi sita, Fundi wa Maabara (mwalikwa, mpwa wa Katibu).
Asiyehudhuria: Makamu Mwenyekiti, bila udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/7: CHEMBE
Fundi alieleza kwamba alipima wali uliofunikwa nailoni chini ya mfuniko, kama tupikavyo siku zote, akautia rangi inayoshika plastiki. Kwenye hadubini vilimeta vidoa vyekundu tele. Wali uliofunikwa kitambaa cha pamba ulikuwa navyo vichache. Alisema hivyo ni kaka wakubwa tu wa nanoplastiki, chembe ndogo zaidi. Nanoplastiki zenyewe hadubini ile haizioni, na zinaingia kwenye udongo, maji na damu, hata kondo la nyuma la mjamzito.

Wajumbe waliacha viti kwenda kuchungulia hadubini aliyokuja nayo. Mwenyekiti alirudisha utaratibu mara mbili, kisha akapanga foleni naye. Katibu alichungulia mara tatu na hajutii. Umoja huu haujapata asubuhi kama ile.

KUMB. NA. 2/7: PINGAMIZI
Mama Mvuke alisema nailoni aliileta yeye, na tangu hapo wali wetu hauna kiini. “Mtoto wa juzi asinifundishe wali. Nailoni ndiyo iliyowapa jina ninyi nyote.” Mpishi wa nyama alisema jina halitafunwi. Alitakiwa kufuta kauli, akafuta, shingo upande.

Mwenyekiti alimkumbusha Mama Mvuke kwamba mkwe wake ana mimba ya miezi saba na hupelekewa bakuli la wali huo kila siku. Mama Mvuke alitaka shindano: aonje amefungwa macho. Akiutambua wali wake, mjadala ufungwe. Akishindwa, nailoni itupwe.

KUMB. NA. 3/7: KUONJA
Sufuria mbili, ya nailoni na ya kitambaa, zilipikwa hapo hapo. Mama Mvuke alifungwa mtandio machoni, akaonja, akanyoosha kidole bila kusita. Alipatia. Wafuasi wake walipiga vigelegele.

Mwenyekiti aliuliza ameutambuaje.

“Una ladha ya nailoni.”

Vigelegele vilikatika. Mama Mvuke aliufungua mtandio mwenyewe, akamuuliza Fundi kuhusu mjukuu wake. Fundi alijibu kwamba madhara bado yanachunguzwa, hawezi kumdanganya. Ila kuacha leo kunawezekana.

AZIMIO: Mama Mvuke alishinda. Nailoni imepigwa marufuku, kwa hoja yake mwenyewe. Alitoka kabla ya wengine, na bakuli la wali wa kitambaa, kwenda kwa mkwe.

Wajumbe walitawanyika saa 7:20 mchana.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)