Jiwe Lako Kwenye Ukuta wa Mama

Ikuti, Tukuyu
20 Agosti 1995

Mpendwa mdogo wangu Lugano,

Ugonile? Natumaini uko mzima huko Temeke, wewe na Doreen na watoto. Sisi tunaendelea, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, na shemeji yako Amoni kiuno kimemkamata, hawezi hata kuinama.

Wiki iliyopita nilisafisha ukuta wa mama. Unakumbuka tulivyoujenga pale kaburini: kila mtoto alileta jiwe la mahali anapoishi, akalipanga kwa mkono wake, na mwingine haruhusiwi kuligusa. Kwenye jiwe lako, lile la machimbo ya makaa ya mawe ulikokuwa ukiishi kabla ya Temeke, nikaona jani chini ya ukoga. Nikalisugua kwa jivu nikidhani limegandia. Kumbe limo ndani ya jiwe lenyewe, hata mishipa yake inaonekana. Nilifurahi mpaka machozi, kwamba mama ana jani lisilonyauka. Sikumwambia mtu, hata Amoni.

Sasa sikiliza. Alhamisi akaja Hezron wa baba mdogo. Siku hizi anauza mitumba, na tangu biashara ifunguliwe kwake kila kitu kina mnunuzi. Alikuwa na mgeni mwenye nyundo ndogo, na mgeni huyo akasema eti jani hilo lilianguka kabla hapajawa na watu duniani, na wako wanaonunua mawe ya namna hiyo. Hilo sikubishana nalo. Lililonichoma ni la Hezron: "Jiwe ni la Lugano, dada, na Lugano amekubali."

Nikamwuliza mmeonana wapi. Akasema amekula kwako, na kwamba umenenepa. Wewe, unenepe! Nikajua ananidanganya.

Lakini mdogo wangu, Hezron hakuwapo tulipojenga, wala hajawahi kuukaribia ukuta ule. Mbona alikwenda moja kwa moja safu ya tatu, akaweka kidole juu ya jani? Nakumbuka siku ile uliligeuzageuza sana kabla ya kulipanga. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Niliwafukuza, nikawaambia Amoni ananoa panga. Kisha nikalitoa jiwe mwenyewe, Mungu anisamehe, maana lilikuwa la mkono wako. Lilipo sikuandikii, barua nazo siku hizi zina wasomaji wengi.

Naogopa kuuliza, ila nauliza: umemuuzia Hezron jiwe la mama? Kama ni shida, ungesema. Ndizi zipo, na sisi tupo. Usinijibu kwa barua, na usimtume mtu.

Shangazi Anyosisye anakusalimu sana, na mwanawe Veronika pia. Hao sijawaambia neno. Mbusu Doreen na watoto, na Mungu aliyemtunza mama awatunze.

Pengo lako ukutani nimeliacha wazi. Mvua zikianza maji yataingia hapo na ukuta wote utalala chini. Njoo kabla, ulirudishe jiwe kwa mkono wako, nami nikutazame usoni.

Dada yako akupendaye, hata akikushuku,
Atupakisye