Reli ya Chumbani Nyakabiga

Mjukuu wangu Yasini,

Sisi hapa Bujumbura, mtaani Nyakabiga, hatujambo. Mgongo wangu umechoka kubeba saruji, na bibi yako anawasalimu wote huko Kigoma.

Umeuliza kama kweli nilijenga reli nyumbani, maana treni yako inaanguka kwenye kona. Ni kweli. Ilikuwa wakati wa vita, nami nilikuwa kijana mwenye hamu ya kwetu Kigoma na treni yake. Burundi haina treni. Nilikunja waya kuwa reli, makopo ya maziwa yakawa mabehewa, na mota nikaitoa kwenye redio kaseti.

Mchana mmoja askari waliingia kutafuta silaha. Mmoja akaona waya na betri, akaninyooshea bunduki.

"We mutu, hii ni bomu?"

"Apana, afande. Ni treni."

"Treni ni nini? Itembeze nione. Ikilipuka, we ndo wa kwanza."

Bibi yako akafumba macho. Nikaunganisha waya. Treni ikaenda, ikafika kwenye kona, ikaanguka.

Askari akapiga goti, akairudisha relini kwa vidole viwili.

"Inaweza kufika kwetu Ngozi, kule kaskazini?"

"Reli ikiwekwa, afande."

Akaitazama ikizunguka mpaka wenzake wakamwita mara ya pili.

Yako ikianguka, usiipige teke. Panua kona, kisha uirudishe taratibu, kwa vidole viwili.

Babu yako,
Ramadhani